Bwana Msa msimpe bastola

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wa Mombasa wanaotengeneza filamu kwa pesa za mifukoni mwao.

Mwezi uliopita vijana wanne walinijia nyumbani, Kibokoni. Wameambiwa kwamba ujanani nilikuwa mwendesha mashine katika sinema moja ya hapa mjini, wakataka nasaha. Wanatengeneza filamu ya upelelezi kutokana na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla. Nilifurahi hata nikasahau kuwakaribisha kahawa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1960. Nilikisoma nikiwa shuleni, usiku, kwa taa ya kandili, na maiti ile iliyokutwa penye mzimu ilininyima usingizi.

Kisha wakanisomea walichoandika. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, kavuliwa kiko, kapewa bastola. Anafukuzana na wauaji kwa gari mpaka Makupa. Najum, swahibu yake, kaondolewa kabisa. Nilipouliza sababu, mmoja akanijibu, "Babu, huyu hana kazi."

Hana kazi vipi? Bwana Msa anafikiri kimoyomoyo; Najum ndiye anayemuuliza yale ambayo sisi watazamaji tungemuuliza. Ukimtoa, mpelelezi atabaki akisema na ukuta.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa na mashine mbili, kila mkanda dakika 20 hivi, na sharti nichungulie tunduni nione alama inayomulika kwenye pembe ya pazia, ndipo niwashe mashine ya pili. Kwa miaka 12 nimewatazama watu ukumbini kama nilivyoitazama filamu yenyewe. Risasi zikianza kulia, watu walipiga mbinja, wakapitishiana karanga, watoto wakapanda juu ya viti. Lakini mpelelezi akiinama kuokota kifungo cha shati, au akimuuliza mjane swali dogo tu, jana ulilala saa ngapi, ukumbi wote ulinyamaza hata nikawa nasikia feni zikizunguka. Filamu za Kihindi na za Kizungu, ilikuwa hivyo hivyo.

Na kimya hicho hakinunuliwi. Magari ya kufukuzana yatawamaliza vijana hawa pesa katika siku mbili. Baraza ya Mji wa Kale, wazee wawili na muuza kahawa anayegonganisha vikombe, hayo wanayo mlangoni mwao. Wapige picha mara tu baada ya alfajiri, kabla tuktuk hazijaanza honi. Mwandishi mwenyewe, kabla ya kuwa mhariri wa gazeti, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya Unguja. Mimi naamini kazi ile ndiyo iliyomfunza macho: mtu anayeingia nyumba za watu kukagua huona lililofichwa nyuma ya mtungi. Kamera ya vijana hawa nayo ikague hivyo, polepole.

Lugha pia. Mimi ni Mmvita na Kimvita changu sikibadilishi kwa chochote, lakini Bwana Msa ni mtu wa Unguja. Mwacheni aseme Kiunguja chake. Sheng haimkai mdomoni.

Kuna jambo jingine lililonitia hofu. Walidhani kitabu kikishakuwa cha zamani hakina mwenyewe. Si kweli. Mwandishi alifariki mwaka 1991, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 tangu kumalizika kwa mwaka aliofariki mwandishi. Hesabu hiyo inafika mwisho wa 2041. Wawatafute warithi na mchapishaji, wapewe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuwasha kamera. Jasho la mtu lisiliwe bure, hata kama mlaji ni kijana mwenye nia njema.

Siku mbili baadaye binti anayeshika kamera alirudi peke yake. Aliniuliza Bwana Msa alikuwa akikishika vipi kiko chake anapofikiri, nikamwonyesha kwa penseli alivyokuwa akikishika marehemu baba yangu. Kiko cha baba bado kipo kabatini, kimefungwa kwa kitambaa. Wakija na filamu iliyoandikwa upya, Najum akiwa ndani, nitawapa wakitumie.

Wassalam,
Mwendesha mashine mstaafu,
Kibokoni, Mombasa