Barua kwa Mama, Machame

Kiel, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na dawa za hospitali ya KCMC hazijakwisha. Pesa ya dawa na ya vibarua wa kahawa nimetuma jana kwenye simu ya Aika. Azitoe zote akupe mkononi, asikate ya vocha. Mimi ni mzima. Baridi ipo, nimeizoea.

Pesa ya kumleta mpima ardhi akipime kihamba, shamba letu la urithi, ili zijengwe fremu za maduka, sitatuma, na naomba wajue hivyo mapema. Aika kanisimulia maneno ya Baba Mdogo kwenye kikao cha ukoo, kwamba nimekwenda Ulaya kuchezea mavi, halafu nataka kusemea kihamba. Nisamehe Mama kuliandika neno hilo, lakini lilisemwa mbele yako na wazee wakacheka. Limeniuma kuliko hata hayo ya shamba. Wakikaa tena, barua hii isomwe kwa sauti, na asome Aika, maana ana sauti ya kanisani.

Baba Mdogo, shikamoo. Ni kweli, kazi yangu inaanzia kwenye kinyesi, kwa sababu ndimo wanamopatikana hao ninaowatafuta. Bakteria wengi wa utumbo wa binadamu hawaivumilii oksijeni. Hewa hii tunayovuta ni sumu kwao. Tunawalea ndani ya kasha lililojazwa naitrojeni, hewa ukaa na haidrojeni kidogo, joto likiwa nyuzi 37 kama la mwili, na mikono tunaiingiza kupitia glavu zilizofungwa kwenye ukuta wa kasha. Humo ndimo nilimomwona bakteria wangu: vidoa vyeupe juu ya sahani, vidogo kuliko punje ya ulezi. Mashine inayowatambua bakteria kwa protini zao haikumjua. Tukasoma kipande cha vinasaba kiitwacho 16S, ambacho kila bakteria anacho, chenye herufi kama 1,500. Bakteria asiyefikia asilimia 98.7 ya kufanana na jamaa yake wa karibu kabisa huhesabiwa kuwa spishi nyingine. Huyu alifika 96 tu. Profesa aliita maabara nzima waje waangalie, akasema mbele ya wote, huyu ni wa Manka.

Lakini kumwona si kumthibitisha. Ilibidi tusome jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, na kuilinganisha na za jamaa zake, kwa sababu ikivuka asilimia 95 au 96 ya kufanana, ni spishi ileile na kazi imekwisha. Haikuvuka. Kisha nikamchunguza mwenyewe: umbo lake, chumvi anayoivumilia, sukari anazokula, asidi anazotoa. Anatoa asidi ya butiriki, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotanda ndani ya utumbo mpana. Mwisho, kanuni za majina ya bakteria zinadai mbegu hai ya bakteria iwekwe kwenye hazina mbili za bakteria zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti yeyote aweze kuiomba na kupima kama nasema kweli. Moja nimeipeleka Braunschweig hapa Ujerumani, nyingine imekwenda Tsukuba, Japani. Sasa wazee waamue wenyewe kama huko ni kuchezea.

Mama, hili la jina nilitaka ulisikie kwangu. Kujipa jina lako mwenyewe ni utovu wa adabu katika kazi yetu, ila kumpa aliyekufundisha ni heshima. Bakteria Escherichia amebeba jina la Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyemweleza bakteria huyo mwaka 1885. Akkermansia, aliyeelezwa mwaka 2004, amebeba jina la mtafiti Mholanzi. Mimi nimepeleka jina la Baba, lenye mwisho wa Kilatini kama inavyotakiwa. Ni yeye aliyenionyesha hadubini kwa mara ya kwanza, ile ya shule yake, akaniacha nitazame hadi giza likaingia. Wahakiki wa jarida bado hawajajibu, hivyo lisitoke nje ya familia. Likipita, halifutwi na kikao chochote cha ukoo.

Kinyesi chenyewe kilikuwa cha mtu wa huku aliyejitolea. Wa kwetu nani amewachunguza? Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walilinganishwa na Waitaliano, ikaandikwa mwaka 2014 kwamba matumbo yao yana bakteria wa aina nyingi zaidi. Walaji wa kiburu, ndizi zetu za maharage, na wanywaji wa mbege, pombe ya ndizi, wa Machame bado nawadai. Maharage yale yana nyuzinyuzi ambazo bakteria wa utumbo mpana huzigeuza kuwa asidi kama hizo za huyu wangu. Nataka kuja kufanya utafiti huo, kwa kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ridhaa ya kila mtu. Huku nakula viazi, Mama. Mtori wako nauwaza hadi kwenye basi.

Kuhusu kihamba nasema mara moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu mbele yake. Baba amezikwa pale. Fremu za maduka zijengwe kwenye kiwanja cha Baba Mdogo cha barabarani, ambacho tunajua sote amekipataje na hatujawahi kumsumbua.

Krismasi nakuja, tiketi ninayo. Usikatwe mgomba hata mmoja kabla sijafika. Mbuzi nitanunua mimi, na Baba Mdogo ndiye atakayemchinja kama ilivyo desturi, maana bado ni baba yangu. Aika anitumie saizi ya viatu vya watoto wote, na wewe uniambie kama unataka koti la sufu au blanketi.

Mwanao,
Manka