PageMaker imeachwa, lakini kazi zetu bado zimo ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyetushangaa sisi wenye stesheneri na vyumba vya uchapaji mikoani kwa kuendelea kutumia programu alizoziita za makumbusho. Mimi ni mmoja wa hao. Niko Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kwenye kona ya ofisi yangu kuna kompyuta ya Windows XP ambayo sijaiunganisha na intaneti wala siruhusu mteja achomeke flashi yake. Ndani yake kuna PageMaker 7, programu ya kupangia kurasa za kuchapwa. Vitabu vya risiti, kadi za michango ya harusi, mitihani ya majaribio, ratiba za mazishi, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, vyote napangia humo.

Habari za kuachwa kwake ninazo. PageMaker ilitolewa na kampuni ya Aldus ya Marekani mwaka 1985. Kampuni ya Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, ikatoa toleo la 7 mwaka 2001, na mwaka 2004 ikasema haitaiendeleza tena, watu wahamie InDesign, programu yake mpya zaidi ya kazi hiyohiyo. Windows XP nayo iliachwa na Microsoft Aprili 2014. Binti ninayemfundisha kazi hapa ofisini hakuwa amezaliwa toleo hilo la 7 lilipotoka, na bado anakata risiti za nakala tatu nalo bila shida, kwa sababu risiti ya nakala tatu haijabadilika.

Msomaji wako angeuliza kwanza kwa nini tumebaki huku. Leseni ya zamani ulinunua mara moja, ikawa mali yako kama mashine ya kukatia karatasi. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Sasa kazi yetu ina misimu. Novemba na Desemba ni kalenda, hatulali. Shule zikikaribia mitihani, vilevile. Februari unaweza kukaa mlangoni unaota jua. Kodi ya programu haiangalii msimu, na ukikosa kulipa unafungiwa chombo cha kazi siku hiyohiyo ambayo mteja amekuja. Sioni ushamba wowote katika hesabu hiyo.

Kinachoninyima usingizi ni kazi zenyewe. Faili za PageMaker zilifunguka kwenye InDesign hadi toleo la CS6 la mwaka 2012, baada ya hapo mlango ukafungwa. Kwa hiyo kijana mwenye kompyuta mpya, aliyelipia kila kitu kihalali, akipewa faili ya katiba ya kikundi aliyoipanga mtangulizi wake, haimfungukii. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ilianza kuzisoma faili hizo kuanzia toleo la 4.4 la mwaka 2015, kupitia sehemu yake ya kuchorea. Nashukuru, inaokoa. Ila mistari inahama, majedwali yanavunjika, na fonti, yaani mtindo wa herufi, usipokuwa nayo unaletewa nyingine.

Na hizo fonti ndizo kiini cha barua hii. Kinyakyusa kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Wanaoandika kwa tahajia inayozitofautisha hutumia i na u zenye kistari katikati: ɨ na ʉ. PageMaker haikujua Unikodi, ule mfumo unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake kwenye kompyuta, kwa hiyo miaka ile fundi alitengeneza fonti ya kienyeji: akachukua nafasi ya alama ambayo hatuitumii, tuseme ya pauni, akachora ɨ hapo. Kwenye karatasi ilitoka safi kabisa. Lakini ndani ya faili kompyuta inajua kwamba pale pana pauni. Hamisha maandishi hayo kwenye programu mpya, kitabu kizima cha hadithi za watoto kinajaa pauni, utadhani daftari la hesabu la mkoloni. Kutoa PDF hakutoshi hapa, maana PDF itahifadhi sura tu. Ukinakili maneno, pauni zinarudi palepale. Ni lazima mtu anayeijua lugha atoe maandishi matupu, yaani maneno tu bila mpangilio, abadilishe kila alama kwa herufi yake halisi ya Unikodi, kisha asome ukurasa kwa ukurasa. Watu waliopanga vitabu hivyo wanazeeka, na wengine walishakwenda bila kumwachia mtu jedwali la alama zao.

Ombi langu kwa wenzangu wa Tukuyu, Kyela, Njombe na Iringa ni hili: hamisheni kazi wakati mashine bado inawaka. Hifadhini fonti pamoja na faili. Diski ya kompyuta ya zamani yaweza kunakiliwa yote na kuwashwa ndani ya kompyuta mpya kwa programu ya bure kama VirtualBox. Windows XP yako itafanya kazi ndani ya dirisha, bila kutegemea ubao mkuu wa kompyuta ya zamani ambao spea zake hazipatikani hata Kariakoo.

Wateja nao, hasa makanisa, shule na vikundi, wasiondoke na vitabu tu. Wadai PDF na maandishi matupu, maana kazi wameilipia. Najua wenzangu baadhi watanuna, kwa kuwa faili likibaki kwangu mteja atarudi kwangu. Kwa kadi ya harusi sawa, nani anarudi? Lakini kitabu cha lugha ya watu hakifai kubaki rehani kwenye diski yangu.

Mimi nimeanza na vya Kinyakyusa. Kalenda za mwaka 2009 zitasubiri.

Mchapaji,
Mwanjelwa, Mbeya