Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuwape wanafunzi nafasi ya kuichunguza dini kama taaluma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jamhuri ya Kenya.

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa somo la dini katika shule ya sekondari, nikuombe jambo moja. Katika mkondo wa Sayansi za Jamii wa sekondari pevu, liongezwe somo la hiari ambamo wanafunzi wa imani zote, na wasio na imani, watasoma dini pamoja kama taaluma, wakiyachunguza pia maswali ya metafizikia: kuwapo kwa Mungu, nafsi, wakati, kifo na hiari ya binadamu.

Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu ziendelee kama zilivyo, kwani kufundisha imani ni haki inayolindwa na Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010. Lakini kwa mpangilio wa sasa, kipindi cha dini kikifika darasa hugawanyika, na kijana anayezijua vyema sifa za Mwenyezi Mungu alizofundishwa katika tauhidi humaliza shule bila kumsikia jirani yake wa dawati akieleza Utatu. Dini za asili za Kiafrika nazo zimebaki mada tu ndani ya silabasi ya Kikristo, kana kwamba kazi yake ilikuwa kuandaa njia tu.

Linaloniuma ni kwamba mjadala mkubwa kuhusu mambo haya uliendeshwa hapa hapa kwetu. Mwanafalsafa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefundisha Makerere kati ya 1964 na 1974, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba katika fikra za asili za Kiafrika wakati una pande mbili, sasa na zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo, kwa kuwa matukio yake hayajatokea. Sehemu kubwa ya dai hilo aliijenga juu ya vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Mwanafunzi wa Gredi ya 11 anaweza kabisa kulipima. Je, lugha ikikosa namna ya kutaja jambo, wasemaji wake hawawezi kuliwaza? Na babu anayepanda mnazi akijua kwamba watakaokula nazi ni wajukuu, huyo hauoni wakati ujao? Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti kwa kutumia fikra za Waakan, na mabishano hayo hayajakwisha.

Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Gulu nchini Uganda, aliyefundisha pia Nairobi, aliwashutumu wanazuoni wa Ulaya, pamoja na makasisi wa Kiafrika waliowafuata, kwa kuivisha miungu yetu mavazi ya Kigiriki, yaani kuieleza kwa dhana za falsafa ya Wagiriki. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na dhana ya kuumba kama ile ya mapadri, swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Hilo nalo halikuwa na maana kwao, kwani mtu huzaliwa na mama yake, na wazee wakajibu kwamba hawajui. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda, na anayemfinyanga hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Tangu hapo Rubanga akawa jina la Mungu Muumba. Sijui kisa kinachoweza kumfikisha kijana haraka zaidi kwenye swali kama wazo la Muumba ni la binadamu wote.

Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye alikwenda vijijini kuwahoji wazee, akiwatenga wale waliosimulia mila na wale waliozihoji kwa hoja zao wenyewe.

Baada ya Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, mazungumzo ya serikali yamekuwa juu ya usajili wa makanisa na udhibiti wa wahubiri. Sidai kwamba somo hili lingewaokoa waliofia pale. Nasema tu kwamba sheria humwangalia mhubiri, ilhali hakuna anayemfundisha msikilizaji kuuliza dai aliloambiwa limesimama juu ya nini.

Najua viongozi wa dini watahofia imani ya vijana. Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana, na baada ya maisha marefu ya uchunguzi alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba. P'Bitek alilikosoa kanisa vikali. Darasa litakalowasoma wote wawili halitakuwa mali ya upande wowote.

Walimu wa kuanzia wapo, kwani wengi wetu tulisoma dini linganishi chuoni na hatujapata pa kuitumia. Naomba uiagize KICD, taasisi ya kukuza mitaala, iandae rasimu ya silabasi, ijaribiwe katika shule chache zenye wanafunzi wa dini mbalimbali, na mtihani wake utoe alama kwa hoja iliyojengwa vizuri, hata kama mtahini haamini hitimisho lake.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa sekondari