Canter iliyotiwa injini ya turbo inachemsha mlima wa Mazeras: tushushe rejeta au tuinue injini?

Mhariri,

Salaam kwako na kwa mafundi wanaosoma ukurasa huu. Ombi langu linawahusu hasa wale waliowahi kutia injini ya turbo kwenye Canter ya zamani na gari likatulia.

Lori lenyewe ni Mitsubishi Canter lililotoka na 4D32, ile ya lita 3.6 isiyo na turbo. Sasa limefungwa 4D34 ya turbo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), lita 3.9, injini iliyokwisha kutumika Japani. Kazi ya kubadilisha ilifanywa kwingine. Hapa Changamwe limeletwa kwa ajili ya joto. Mzigo wake ni mifuko 80 ya saruji, yaani tani 4, kupeleka Mariakani.

Mjini halisumbui. Kwenye foleni ya Kibarani, jua la saa nane, mshale unakaa katikati. Ubaya huanza likishapita Miritini na kuupanda mlima wa Mazeras. Hapo linakwenda kwa gia ya tatu, mwendo mdogo, mafuta yamekanyagwa hadi chini, na mshale unapanda mpaka maji yanafurika kwenye chupa ya akiba. Dereva akiegesha na kuiacha injini ingurume taratibu, dakika 5 joto limeshashuka. Likiwa tupu, mlima huohuo linaupanda bila neno.

Naeleza yaliyokwisha kupimwa, ili atakayejibu asianzie mbali.

Geji kwanza. Iliyo kwenye dashibodi ni ya gari la zamani, na sensa ilikuwa ya injini mpya. Vitu hivyo viwili havisomani, na mtu anaweza kushusha silinda hedi bure kwa sababu ya mshale wa uongo. Tumefunga sensa ya 4D32, baada ya kuichemsha sufuriani pamoja na kipimajoto ili tujue mshale ukikaa pale ni digrii ngapi. Kipimajoto cha miale nacho tunakitumia, lakini hatukielekezi kwenye chuma kinachong'aa, maana hapo hudanganya kwa digrii nyingi. Tumebandika utepe mweusi wa umeme kwenye shingo ya juu na ya chini ya rejeta, tunapima juu ya utepe. Mlimani, lori limebeba, juu ni 102 na chini ni 95, hewa ya nje ikiwa 32.

Tofauti ya digrii 7 inaonyesha maji yanazunguka vizuri. Rejeta ingekuwa imeziba, au pampu imelika mapanga, maji yangepita polepole na kutoka chini yamepoa mno, tofauti ikafika 20 au 30. Haya yanakimbia, ila hayapati pa kuachia joto.

Rejeta ni ileile ya 4D32, yenye safu tatu za mirija. Ilikuwa na magamba ya chumvi, kama zilivyo rejeta nyingi za hapa zinazojazwa maji ya kisima, basi ikafunguliwa vichwa na kupigwa rodi. Sasa ukimimina ndoo ya lita 20 juu, inatoka chini bila kurudi mdomoni. Imejazwa maji yaliyochujwa chumvi pamoja na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, theluthi moja. Nusu kwa nusu ni ya nchi za barafu. Kulanti ikizidi, uwezo wa maji kubeba joto hupungua. Kifuniko cha rejeta, cha shinikizo la 0.9, ni kipya, na ndicho kinachozuia maji yasichemke yakifika 100. Mpira wa chini una springi ndani, haunywei injini ikipandishwa mzunguko.

Gasi ya silinda haiingii kwenye maji. Injini ikiwashwa baridi, mpira wa juu haukazi kwa dakika ya kwanza, na dawa ya kupimia moshi kwenye mdomo wa rejeta haikubadilika rangi. Muhuri wa skrubu ya mafuta kwenye pampu ya dizeli haujaguswa, taimingi iko kwenye alama, na moshi mlimani ni mwembamba.

Kuhusu thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, nitasema kidogo zaidi, kwa sababu kila anayepita gerejini anatuambia tuitoe. Hii ina sahani ya pili chini yake. Maji yakipata moto, sahani ya juu inafungua njia ya rejeta na ile ya chini inaziba baipasi. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye pampu bila kupita rejeta. Mjini injini itakuwa baridi mno, itakunywa dizeli na kulika pete. Mlimani itachemka mapema zaidi. Yetu tuliiweka sufuriani: ilianza kufunguka kwa 82, na kufika 95 ilikuwa imeinuka milimita 10. Ni nzima, na itabaki.

Kwa hiyo kasoro iko upande wa upepo, nayo ina vipande vitatu.

Cha kwanza ni intakula. Imefungwa mbele ya rejeta, na 4D32 haikuwa nayo. Hewa inaingia ikiwa 32, lakini tukipenyeza kipimajoto cha waya katikati ya intakula na rejeta, mlimani kinasoma 50. Rejeta inapoza maji kwa hewa iliyokwisha kupata moto, na injini inayoitegemea ina nguvu zaidi kuliko ile iliyotengenezewa.

Cha pili ni mipira ya pembeni. Lori la kichwa bapa kama hili lina vipande vya mpira vinavyoziba nafasi kati ya rejeta na bodi, pande zote. Vilitolewa wakati wa kuingiza injini na havikurudi. Lori likienda polepole, feni inavuta hewa iliyokwisha pita kwenye injini, ikazunguka pembeni na kurudi mbele. Tumeziba kwa katoni na utepe kwa majaribio na joto la juu likashuka kutoka 102 hadi 99. Mipira ya kweli inakatwa. Hilo halina mjadala.

Cha tatu ndicho kinachonifanya niandike. Injini hii ilikuja na feni ya sentimita 46. Ilikuwa inagonga kava inayoizunguka feni, basi waliofunga wakairudisha ya zamani ya sentimita 43. Sentimita 3 zinaonekana ndogo, lakini kwa mzunguko uleule na mapanga ya umbo moja, upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: feni ya 46 husukuma karibu asilimia 22 zaidi ya ile ya 43. Tena viti vya injini vilichomelewa chini, kwa hiyo kitovu cha feni kiko sentimita 4 chini ya katikati ya rejeta. Kava ilikatwa kwa chini ili feni ipite. Ukiweka mkono hapo unapita mzima kati ya panga na kava, wakati nafasi inayofaa ni kama sentimita 2 kuzunguka pande zote. Karatasi ukiiweka mbele ya rejeta inashikwa vizuri katikati na chini. Kwenye pembe mbili za juu inaanguka. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya juu, ambako maji ni ya moto zaidi, haipati upepo. Klachi ya feni ni nzima: injini ikizimwa ya moto, feni inasimama kabla ya kumaliza nusu mzunguko.

Feni ya 46 lazima irudi na kava itengenezwe upya, panga likae nusu ndani na nusu nje ya mdomo wa kava. Swali ni namna ya kulinganisha vitovu, na hapa njia zote zina gharama yake.

Tukiishusha rejeta sentimita 4, feni itakaa sawa. Lakini leo kichwa cha rejeta kiko sentimita 2 tu juu ya nyumba ya thamostati. Kikishuka, nyumba ya thamostati itakuwa sentimita 2 juu yake, na hewa itanasa pale pale kwenye silinda hedi. Itabidi tuweke tangi la shinikizo mahali pa juu kuliko vyote, nyuma ya kebini, na kifuniko cha 0.9 kihamie huko. Hapo tunafikiria paipu nyembamba za kutolea hewa kutoka nyumba ya thamostati na kichwa cha rejeta, na paipu nene ya milimita 25 kutoka chini ya tangi hadi mdomo wa kunyonyea wa pampu. Mfumo unameza lita 14. Maji yakipata moto yanazidi nusu lita na kidogo, kwa hiyo tangi la lita 3 naliona linatosha.

Tukiinua injini pamoja na gia boksi sentimita 4, nyumba ya thamostati nayo inapanda na kuwa sentimita 2 juu ya kichwa cha rejeta, kwa hiyo tangi la juu litahitajika vilevile. Tena kipande cha kwanza cha propela, hadi senta bearing inayoishikilia katikati, kina sentimita 120, na kuinua huko kunaongeza karibu digrii 2 kwenye msalaba wa mbele, yaani kiungo chake kinachopinda. Na turbo itasogea karibu na sakafu ya kebini. Kuinua viti vya mbele peke yake sikubali, maana injini italala nyuma na misalaba haitalingana.

Mwenye lori naye ameshauriwa na fundi wa rejeta aweke safu nne za mirija. Maoni yangu ni kwamba rejeta nene bila feni ya kutosha inazidi kuzuia upepo, na pembe za juu zitabaki vilevile. Ningependelea pana kuliko nene, lakini chasisi hii inabana.

Basi naomba majibu ya mambo haya. Aliyewahi kuishusha rejeta na kuweka tangi la juu kwenye Canter, paipu ya kutolea hewa aliiwekea tundu la milimita ngapi ili maji ya moto yasipite kwa wingi kurudi tangini? Aliyeinua injini, je, digrii 2 hizo zilileta mtetemo lori likiwa na mzigo, au senta bearing ilishushwa au kuinuliwa kufidia? Na kuna aliyehamisha intakula kutoka mbele ya rejeta, akaiweka ubavuni na feni yake ya umeme ya volti 24, bila turbo kupoteza nguvu mlimani? Mwenye vipimo aviandike vyote, hata vya rejeta ya Canter iliyotoka kiwandani na 4D34: urefu, upana, unene, na upande shingo ya chini ilipo.

Wenu,
Fundi wa malori, Changamwe, Mombasa