Risala ya Wanafunzi Waislamu kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, masheikh, wachungaji, wazazi wetu na wahitimu: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Jumuiya yetu ilianza na wanafunzi 9 chini ya mwembe. Leo tuko 43. Mafanikio ni makubwa mno: Elimu ya Dini ya Kiislamu tunaifanyia mtihani wa Taifa, na tumenunua kipaza sauti, hiki hiki kinachokoroma.

Mheshimiwa, dini kwetu haiishii Ijumaa. Ndiyo inayotutoa kitandani alfajiri, baridi ya mlimani ikiuma, na ndiyo inayotukalisha vizuri na wenzetu Wakristo wa UKWATA na TYCS, maana Qur'ani imesema tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Machi 2025, Ramadhani na Kwaresima zilipokutana, wenzetu hao ndio waliotutunzia makande hadi magharibi, na ndio waliotushikia foleni ya maji.

Foleni hiyo ndiyo risala yenyewe. Koki ni moja, nyuma ya jiko. Mapumziko ya mchana ni dakika 40, na humo mna kula, kuosha sahani na swala ya adhuhuri. Mpishi akikinga masufuria yake, wa kutawadha tunasubiri. Wasichana hutawadha kwa kopo nyuma ya stoo, mmoja akiwakinga wenzake kwa khanga. Wakichelewa darasani wanaandikwa majina. Mwalimu wa zamu hatumlaumu. Kengele ni kengele.

Ombi hili si geni. Mgeni wetu wa mwaka juzi, Mungu amzidishie, aliahidi tanki la lita 5,000 kabla ya muhula kwisha. Muhula upi hakuutaja, na kosa ni letu kutouliza. Tulibeba mawe wenyewe, Waislamu kwa Wakristo, tukajenga kitako cha tanki. Kipo. Mabweni huanikia soksi. Mgeni wa mwaka jana alisema suala limefika kunakohusika, maji hayajafika.

Tunaomba tanki, koki sita na ukuta wa kuwasitiri wasichana. Wazazi wetu mafundi wa Pasua na Njoro watajenga bila malipo. Ahadi tunazo za kutosha, mheshimiwa. Kama uwezo ni wa koki mbili, tamka mbili, tutashukuru kwa dhati.

Baada ya chakula tumetengewa dakika tano ukakione kitako. Soksi tumeziondoa.

Tunaomba kuwasilisha.