YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAKULA CHENU CHA MBWA, MFUKO WA KILO 20

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Vyakula vya Mifugo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nafuga mbwa hapa Moshi, na chakula chenu cha punje nimekinunua kwa muda mrefu kwenye duka la pembejeo. Nawaandikia kwa sababu mfuko wenu unaahidi jambo ambalo hakuna mteja anayeweza kulihakiki, na anayeumia ahadi hiyo isipotimia ni mnyama anayekula tu kile anachowekewa.

Mbele ya mfuko mmeandika kwa herufi kubwa kwamba chakula hiki kinamtosha mbwa tangu anapoachishwa ziwa hadi anapozeeka, bila kuongezewa kitu. Nyuma kuna orodha: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, mabaki ya machinjioni, "vitamini na madini". Basi. Kiasi cha protini hakuna, mafuta hakuna, kalsiamu na fosforasi hazitajwi kabisa. Dukani humo humo, mfuko wa chakula cha kuku wa mayai una takwimu hizo zote.

Mtoto wangu wa mbwa, German Shepherd, alilishwa chakula hiki peke yake kama mlivyoelekeza. Alipokaribia miezi mitano miguu ya mbele ilianza kupinda, akawa analia akiguswa mgongo, na ngazi za barazani zikamshinda. Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei akakuta mifupa imekuwa myembamba kwa kukosa madini. Pumba, mashudu na nyama vina fosforasi nyingi lakini kalsiamu kidogo. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili huichota kwenye mifupa. Kwa mbwa anayekua, kalsiamu inatakiwa walau iwe sawa na fosforasi, na isizidi mara mbili yake. Ninyi mnajua uwiano wa kwenye mchanganyiko wenu. Sisi tunaoununua hatujui.

Nilipopiga simu kwenu, kijana aliyepokea alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na yeyote aliyempa majibu ya kusoma. Aliniambia nimwongezee mbwa vijiko viwili vya chokaa ya kuku kila siku, nimpe mifupa ya supu, na asipokula vizuri nichanganye punje na mchuzi uliobaki nyumbani. Hakuniuliza mbwa ana umri gani wala uzito gani. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa hana uwezo wa kuzuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini kama mbwa mzima anavyozuia, kwa hiyo chokaa ya kukadiria kwa kijiko inaweza kumharibia viungo kwa upande wa pili. Mfupa uliochemshwa hupasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo hutoboa utumbo. Na mchuzi wa nyumba gani ya Kitanzania hauanzi na kitunguu? Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Yote matatu yalitoka kwenye namba iliyochapishwa kwenye mfuko wenu, na naamini si mimi peke yangu niliyeambiwa hivyo.

Maelekezo ya kulisha nayo yamekaa vivyo hivyo: "vikombe 2 hadi 4 kwa siku". Kikombe cha ukubwa gani? Kwa mbwa wa kilo 8 au wa kilo 40? Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi. Kupima chakula ni sehemu ya matunzo, na mfugaji hawezi kupima bila jedwali la uzito.

Jambo la mwisho ni mahindi. Mfuko wa karibuni ulikuwa na harufu ya uvundo, na nimeacha kuutumia. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, hapa kwetu si habari ya kusimuliwa: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa mbwa hushambulia ini, na Desemba 2020 huko Marekani chakula cha mbwa kilirudishwa kutoka madukani baada ya mbwa wengi kufa kwa sumu hiyo hiyo. Kule kikomo cha sumu hiyo ni mikrogramu 20 kwa kilo ya chakula. Je, mahindi yenu hupimwa kabla ya kusagwa? Kama hupimwa, andikeni namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa mahali panaposomeka. Kwenye mfuko wangu muhuri umefutika wote.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe gharama za mifuko miwili ya mwisho na za eksirei, risiti nimeziambatanisha. Mchapishe uchambuzi wa chakula hiki, kalsiamu na fosforasi zikiwemo. Na kama mchanganyiko haufikii mahitaji ya mtoto wa mbwa, ondoeni mara moja madai kwamba unafaa kwa umri wote, bila kusubiri mifuko iliyokwisha kuchapishwa iishe. Majibu ya simu yaandikwe upya na daktari wa mifugo.

Mbwa wangu sasa anakula chakula alichopangiwa na daktari, na ameanza kutembea bila kulia, ingawa mguu wa kushoto haujanyooka. Sampuli ya mfuko wenye uvundo nimeihifadhi pakavu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaipeleka TVLA Temeke, maabara ya mifugo ya serikali, na malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani pamoja na picha za mfuko.

Wenu mteja,
Mfuga mbwa, Moshi

Viambatanisho: risiti za mifuko, risiti ya eksirei, ripoti ya daktari, picha za mfuko pande zote mbili.