Barua kwa Mwanangu: Usingoje Ufike Ndipo Utafute wa Kusali Naye

Mwanangu mpendwa,

Mara mbili sasa umenijibu kwamba habari ya kanisa na marafiki huko unakokwenda kusoma "utaiona ukifika." Jibu hilo linaninyima usingizi kuliko nauli na karo. Masomo sina shaka nayo, kichwa unacho. Ila vijana wachache sana huamka asubuhi moja wakamkana Mungu. Jumapili ya kwanza hulala kwa uchovu wa safari, ya pili njia hawaijui, ya tatu wameshapata watu wa kutoka nao, na ya nne wanaona haya kuanza. Basi anza ungali hapa: mwombe mchungaji jina la muumini wa huko, mpigie, mpatane mtakutana wapi Jumapili hiyo ya kwanza. Unasema mchungaji ana shughuli nyingi. Jina moja halimchukui dakika 5.

Paulo alipomwambia Timotheo azikimbie tamaa za ujanani, alimalizia: "pamoja na wale wamwitao Bwana kwa moyo safi" (2 Timotheo 2:22). Wengi hushika mwanzo wa mstari, wakakimbia peke yao, wakachoka. Nawe ndivyo ulivyo, mzigo wako humpi mtu. Najivunia ushupavu huo, na ndio unaonitisha. Danieli, ndoto ya mfalme ilipoleta hukumu ya kifo, alikwenda nyumbani akawaambia Hanania, Mishaeli na Azaria waombe rehema (Danieli 2:17-18). Alikuwa nao tayari. Walishavuka pamoja lile jaribio la siku 10, walipokula mboga na maji badala ya chakula cha mfalme. Usiku wa hatari haukumkuta akitafuta wenzi.

Wawili au watatu wanatosha. Kutaneni saa moja kwa wiki, siku ileile, ana kwa ana. Someni sura moja, kila mmoja aeleze wiki ilivyomwendea, kisha muombeane kwa kutaja jambo lenyewe. Asiyekuwepo asizungumzwe, hata kwa jina la kumwombea. Hapo ndipo vikundi vingi vya maombi hugeuka vya umbea. "Amina" ya kwenye simu haitoshi, maana mtu huiandika hata akiwa amezama shingoni. Mpe mmoja wao ruhusa ya kukuuliza waziwazi: umesali wiki hii? Usiku unatazama nini kwenye simu? Pesa zimekwenda wapi? Siri zibaki kwenu, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini. Hapo mwoneni mtu mzima siku hiyohiyo. Na mkigundua wote mna udhaifu mmoja, mwiteni aliyekomaa kuwazidi, la sivyo mtabaki kufarijiana tu. Mchumba, ukimpata, asiwe ndiye mwenzako pekee wa maombi. Mkikosana, utabaki bila wa kukushika mkono.

Kumpima rafiki, mkatalie jambo dogo uone atakavyokutendea kesho yake. Yonadabu alimkuta rafiki yake Amnoni amekonda, akamfundisha hila iliyomwangamiza Tamari, dada yake Amnoni (2 Samweli 13). Yonathani alimfuata rafiki yake Daudi nyikani, Daudi alipokuwa akiwindwa na mfalme Sauli, akamtia nguvu katika Mungu (1 Samweli 23:16). Wote wawili walikuja rafiki alipokuwa dhaifu. Mimi nauliza hilo tu: ukidhoofika, nani atakuwa karibu, na atakupeleka wapi?

Sisemi uwatenge wasioamini. Soma nao, cheza nao, wauguze wakiugua. Ila shauri la maisha yako lichukulie kwa wanaomcha Mungu. Na kiongozi yeyote wa maombi atakayekukataza kuongea na nyumbani, au kutaka akiba yako yote, mwache siku hiyohiyo, hata kama anakesha kwa sala.

Hapa nyumbani sisi ndio tuliokuamsha kusali. Huko hakuna atakayegonga mlango. Nalifikiria hilo kuliko unavyodhani. Basi mpigie mchungaji leo, si kesho.

Cheti cha kuzaliwa nimekitolea nakala 3. Moja ibaki hapa. Blanketi zito liko chini kabisa ya begi, usilitoe ili begi liwe jepesi. Funguo za stoo umeondoka nazo tena mfukoni, zirudishe kabla hujafunga mizigo. Mdogo wako anataka kitanda chako, nimemwambia angoje. Ukishalipata jina la huyo muumini, niandikie namba yake na mimi.

Mama yako